Mafuta ya Salvator

Mvua ya kwanza iliponyesha huko Juru, Uganda, kila mtu alishika jembe isipokuwa Salvator. Mkewe, Apollinarie, alikuwa na mbegu za maharage tayari kwenye beseni. Lakini Salvator alikuwa ameuzungushia kamba mteremko wao wa bondeni. Kwenye maji ya mfereji aliona utando unaong'aa rangi rangi, akaamua kuwa chini kuna ziwa zima la mafuta.

"Mama Bella, hii fasi yetu ya bondeni iko na mafuta," alimwambia mkewe. "Mtu hapandi maharage juu ya mafuta."

Apollinarie alikasirika. Majirani walikuwa wanamaliza kupanda, na mvua haimsubiri mtu. Je, watoto watakula kamba?

Jumamosi akaja Eliane, binti wa jirani. Anafanya kazi Mbarara na wachimba visima vya maji, na kabla ya hapo alikuwa akipima mawe ya visima vya mafuta kule Hoima. Apollinarie hakumpa hata chai, alimpeleka moja kwa moja bondeni.

Eliane aliuchokoa utando kwa kijiti. Ukavunjika vipande vipande, na vipande havikurudiana.

"Yangekuwa mafuta, yangeungana tena," alisema. "Hivi ni vijidudu vya maji yenye chuma. Na mafuta, mzee, hayakai kama ziwa. Yanakaa ndani ya jiwe."

Salvator alicheka. Nani amewahi kukamua jiwe?

Eliane akaomba vikombe viwili, akavijaza mchanga mkavu. Katika cha kwanza akamimina maji kidogo kidogo, na yote yakazama. Alieleza kuwa jiwe la mchanga liko hivyo hivyo. Kati ya chembe zake mna nafasi ndogondogo. Mafuta hukaa humo, na nafasi zikiungana, hupita. Kikombe cha pili alikifunika kwa udongo wa mfinyanzi. Akamimina maji tena, nayo yakasimama juu ya udongo.

"Bila kifuniko kama hiki cha kuyazuia chini, mafuta hupanda juu na kupotea. Mawe hayo yamefichika, kwa hiyo wataalamu hutoboa chini sana, huyatoa na kuyapima, ndipo waseme kama kuna mafuta. Macho peke yake hayatoshi."

Salvator alikitikisa kikombe cha pili, na maji bado hayakuzama. Kisha akakunja kamba yake.

"Nipe jembe, Mama Bella."

Walipanda mpaka jioni, na Eliane naye akainama pamoja nao.

Maharage yalikubali. Wakati wa mavuno jirani mmoja alimchokoza Salvator kuhusu mafuta yake.

"Mafuta yapo dukani," alijibu. "Kwangu kuna maharage."

Akaendelea kufunga gunia la tatu kwa ile kamba.