Tambiko la Wafu wa Mzee Rowland

Jioni ile Mayasa alitoka Malvern na mfuko wa plastiki wenye unga wa mtama, tende, na kipande cha ubani alichomwagiza mtu kutoka Fordsburg. Unga aliupata kwenye spaza, duka dogo la Msomali, karibu na taa za magari za Jules Street, robot kama wanavyoziita huko. Mwenye duka akamuuliza kama kwake kuna mzazi anayenyweshwa uji. Mayasa akacheka, akasema yupo mgonjwa. Hakuongopa sana.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Kensington na umeme ulikuwa wa mgao, Machi ile ya 2019 ambayo watu wa Johannesburg wanaikumbuka kwa giza lake. Akapiga hatua. Mwanamke mwenye akili zake hatembei mitaa ile taa zimezimika, na huyu mtoto wa Muheza akili alikuwa nazo. Shida yake ilikuwa huruma. Huruma, jamani, nayo inazika watu.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Mzee Rowland, mzungu mgane asiye na mtoto, mwenye nyumba. Mayasa alimpikia, alimfulia, alimshika mkono kwenda bafuni. Yeye na mumewe Selemani, fundi wa makochi, walipewa chumba cha uani, wakakaa humo na binti yao Tabia. Tabia ni mzaliwa wa hukuhuku. Kiswahili anakielewa chote, lakini akifungua mdomo ni Kizulu na Kiingereza. Mzee alimpenda. Mchana mtoto alilala kifudifudi kwenye zulia akichora, mzee yuko kwenye kompyuta yake.

Na kwenye kompyuta alikuwa akitafuta nini? Mababu. Wazungu wana tovuti zao za ukoo, mtu anamkuta babu wa babu yake kwenye vitabu vya makanisa na mashauri ya mahakama za kale, anapanda juu, anazidi kupanda. Mzee Rowland alipanda mpaka Uingereza ya miaka mia nane nyuma, enzi za watu kuvaa chuma na kupigana juu ya farasi. Kila alichokipata alimsimulia Mayasa, farasi na ngome na mashamba, kisha akayataja majina yote kwa sauti, toka baba yake kwenda juu. Mayasa alipenda. Kwao pia mtu hajulikani mpaka ajulikane ukoo wake. Baada ya muda naye akawa anayajua kwa moyo.

Jina la juu kabisa lilikuwa Fulk. Siku mzee alipolipata alipiga makofi kama mtoto.

Na tangu siku ile akaanza kupigwa.

Asubuhi Mayasa alimkuta jicho limevimba. Asubuhi nyingine kidole kimevunjwa. Mara mgongo mzima una mistari myekundu, ngozi imechanika, shuka imegandana na damu. Milango imefungwa, nondo za madirisha ziko palepale. Daktari akasema mzee anaanguka usiku. Mtu anaangukaje mpaka achapwe mgongoni? Daktari naye. Mzee mwenyewe ukimuuliza anageuza uso ukutani.

Mayasa hakuhitaji daktari. Alimwambia Selemani wazi kwamba mzee anawaita wafu kila siku na hawapi kitu. Nani aitwe nyumba ya watu kila mchana, arudi na njaa, asikasirike? Kwao Muheza bibi yake angekwisha kupika uji zamani. Selemani hakutaka kusikia. Akamkumbusha kwamba ukimwamsha aliyelala utalala wewe. Mayasa akamjibu kuwa hawa wameshaamshwa, kilichobaki ni kuwalisha tu. Jibu zuri. Ndilo lililomponza.

Basi jioni hiyo mzee alikuwa amesinzia kitini, Selemani hajarudi kutoka kazini. Mayasa akapika uji, akatoka nao nyuma ya nyumba, Tabia akamfuata kwa ajili ya tende. Akawasha ubani. Akamimina uji chini taratibu, akiyataja majina toka baba wa mzee, hakuruka hata moja, mpaka Fulk. Akawaomba wale, washibe, wamwache mtoto wao, yule mzee, apumue.

Moshi wa ubani haukupanda. Ulilala chini, ukatambaa.

Sasa sikiliza hapa. Kwao tambiko halifungwi hivihivi. Ukishawalisha wazee unawaonyesha mtoto, wamjue, wamlinde. Mayasa mwenyewe alionyeshwa hivyo na bibi yake, na wadogo zake wote aliwaona wakionyeshwa. Ulimi umezoea. Akamshika Tabia mabega, akamsogeza mbele.

"Huyu ndiye mtoto wenu. Mjueni."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe yalikuwa yameshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Uji pale chini ukaanza kuondoka... Haukunywewa na udongo. Ulinyonywa. Alisikia midomo.

Alimbeba mtoto juujuu akaingia ndani. Mzee alikuwa macho, ameketi gizani, ananusa. Akauliza kinachoungua ni nini. Mayasa akamweleza, mbio mbio, akidhani atashukuriwa. Mzee akamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo Mayasa hakujua anazo.

"Umemtajia nani?" akanong'ona.

"Mababu zako, Mzee. Wote."

"Walio hai, Mayasa. Umemtajia Fulk nani aliye hai?"

Mayasa alimtazama Tabia tu, na mzee akafuata macho yake. Akatoa mlio mdogo, kama mtu aliyechomwa.

Ndipo akasema alichokuwa akikificha kwa aibu. Zile habari za ngome na farasi zilikuwa za kweli, lakini hazikuwa zote. Kwenye mashauri ya kale aliyoyasoma mtandaoni, Fulk aliwaingiza watoto wa marehemu kaka yake ghalani akawakata kwa upanga, mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Aliwaua ili urithi usitoke kwenye damu yake. Kila mtoto wa ukoo aliyeweza kuja kudai, alimfuata.

"Kila usiku ananipiga akiuliza nani mwingine," mzee akasema. "Nikamwambia mimi ndiye wa mwisho. Nikapigwa, nikasema hivyohivyo. Na ilikuwa kweli, Mayasa. Ilikuwa kweli mpaka leo."

Nje, kwenye saruji ya kibaraza, kitu kizito cha chuma kikaburutwa.

Krrr...

Kikatua. Kikaburutwa tena.

Harufu ikaingia kwanza. Mnyama aliyelowa jasho, sufu mbichi, damu ya zamani. Mzee Rowland, ambaye asubuhi ile alishindwa kuinua kikombe, akasimama. Akawasukuma kuelekea jikoni, akasema mtoto afungiwe, kisha akaenda kusimama katikati ya ukumbi na fimbo yake. Mayasa akakimbia na mtoto. Alipokuwa anavuka ua alisikia mlango wa mbele ukipasuka na sauti ya mzee ikipaa, ikisema ni yeye wa mwisho, hakuna mwingine, hakuna. Safari hii ulikuwa uongo, na aliyekuja alijua.

Halafu akasikia sauti ya bucha.

Nyama na mfupa, pigo moja. La pili. Mzee alipiga kelele kwenye la kwanza tu. Mapigo hayakuisha hata alipokwisha kunyamaza, yalikwenda na kwenda, na kupitia mlango wa jikoni uliobaki wazi Mayasa aliona damu ikitandaa juu ya vigae.

Selemani ndio kwanza alikuwa ameingia kwa geti la nyuma, nyundo yake ya kazi mkononi. Alipouona uso wa mkewe aliwavuta ndani ya chumba, akapiga komeo, akasimama mlangoni.

"Mama Tabia," akanong'ona, "wako wangapi?"

Mlango ulipasuliwa toka juu hadi chini. Nje hapakuwa na mtu, jioni tu na ua mtupu. Selemani akapiga nyundo mbele kwa nguvu zake zote, na hewa ikamkata. Vidole vyake vikaanguka mkekani pamoja na nyundo. Damu ikaruka ikapiga ukuta, ikapiga pazia, ikampiga Mayasa usoni, ya moto. Kabla Selemani hajalia akabamizwa ukutani mara moja, tena na tena, mpaka alipoteleza chini kimya.

Tabia hakulia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameinua kidevu, anakitazama kitu kirefu kuliko mlango.

Shingoni mwake ukatokea mstari mwembamba mwekundu.

Ukaanza kurefuka.

Sauti ikatoka pale ambapo hapakuwa na mtu. Ilikuwa sauti ya Mayasa mwenyewe. Kwa Kiswahili ilijua maneno yale tu iliyopewa juu ya uji.

"Huyu... ndiye mtoto wenu?"

Mayasa alipiga magoti. Neno lililomjaa kinywani lilikuwa mwanangu. Mwache mwanangu. Mama yeyote angelisema. Akalishika katikati ya meno, kwa sababu alielewa, na alielewa kwa hofu ambayo simwombei adui yangu, kwamba neno lile ndilo upanga unalingoja: yeye ndiye aliyewaita wafu wale kama jamaa, na mtoto wake angehesabika wa ukoo.

"Siyo," akasema. "Si wenu."

Mstari haukusimama. Tone likashuka kwenye kola ya sare ya shule.

"Si wangu pia. Nilimwokota. Hana ukoo. Mimi si mama yake, wallahi, mimi si mama yake."

Tabia akashusha kidevu, akamgeukia. Kiswahili anakielewa chote, nimeshasema.

Mstari ukasimama. Harufu ikakaa kidogo. Kisha chuma kikaburutwa kuvuka ua, kibarazani, mbali... na umeme ukarudi nyumba nzima kwa mkupuo, na Mayasa akaona vizuri kilichokuwa kimesalia cha kila kitu.

Polisi wakasema ni majambazi wa mapanga. Johannesburg nani abishe? Geti la mbele lilikuwa na kufuli lake, na hakuna kilichoibiwa, lakini mzee mzungu kuuawa kwake hakuhitaji maelezo marefu. Selemani alipona. Sasa anashona viti kwa mkono wa kushoto. Wamehamia Diepsloot, mbali na vilima vile, na kwa mkewe haongei habari ya jioni hiyo. Ila ameacha kumwita Mama Tabia. Anamwita Mayasa.

Maana Tabia hamjui mama yake.

Baba anamjua. Shule anaijua, majirani anawajua, hata Mzee Rowland anamuulizia. Mayasa anamwita anti, kwa adabu, kama mtu wa kupanga. Hospitali wakasema ni mshtuko, utapita. Shangazi yake Mayasa, kwa simu kutoka Muheza, akasema kwamba aliyekanwa mbele ya wafu amekanwa, na kumdai upya ni kuita tena. Mayasa hakuamini. Alasiri moja akimsuka Tabia nywele alimwinamia sikioni, akamwita mwanangu, polepole kabisa. Kovu la shingoni likavuja damu papo hapo. Na nje, kwenye bati la ukuta, kitu kikakwaruza.

Hajarudia.

Juzi alikwenda kumchukua shuleni. Mwalimu mgeni langoni akamuuliza mtoto ni nani huyu aliyekuja, ni mama yako? Tabia akasema hapana, kwa upole, kama anayesahihisha kosa dogo. Mwalimu akamtazama Mayasa, akingoja. Mayasa alikuwa ameshashika begi la mtoto.

"Hapana," akasema. "Mimi nakaa kwao tu."