Mkono Uliobaki Juu ya Maji

Rafiki yangu Verl, Mmormoni wa hapa Utah kama mimi, si mwongo. Asiyeamini na aache kusoma. Mama yake alimtuma hekaluni akabatizwe, kama desturi yetu, kwa niaba ya marehemu babu yake Thorvald, seremala asiye na kidole gumba, aliyewazuia wahubiri wetu mlangoni kwa kiganja maisha yake yote.

"Mama, babu alikataa."

"Huko aliko ataamua mwenyewe. Wewe kalowe tu."

Kwetu mwili wote lazima uzame, la sivyo mnarudia. Verl akazamishwa. Maji yakavuma masikioni, kisha kimya.

"Rudieni," akasema shahidi anayekagua ubatizo. "Mkono umebaki juu."

Wakarudia.

"Bado, ndugu. Umenyooka kama unamzuia mtu."

Safari hii Verl aliibana mikono yote miwili kifuani. Alipoibuka, mikono ilikuwa bado kifuani, vidole vyote kumi.

"Pole, ndugu, mkono bado ulibaki juu," shahidi akasema taratibu. "Kidole gumba chako kilikatwa na nini?"