Aliyetangulia Kubisha Hodi

Haya yalimkuta mjomba wangu, mchungaji, na wala sitii chumvi. Kila Jumanne alijitolea katika kituo cha polisi. Aliwaombea askari kabla ya zamu, akawasikiliza waliokosa usingizi, na ajali ikitokea, yeye na koplo mmoja mnene mwenye maneno mengi ndio waliopeleka habari za msiba majumbani. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unamkalisha mfiwa, unamshika mkono, unataja jina la marehemu, kisha humwachi peke yake mpaka ndugu yake afike. Mjomba hakuwahi kuuvunja.

Jumanne hiyo fundi bomba mmoja aligongwa na lori saa sita mchana, akafa palepale. Saa saba mjomba na koplo walibisha hodi kwake. Mkewe alifungua, akamtazama mjomba kwa hasira.

"Umerudi tena, Mchungaji?"

"Tena?"

"Si ulikuja asubuhi! Ukanikalisha hapo, ukaniambia mume wangu amefariki. Nikampigia simu, akapokea, akanicheka." Alimwona koplo nyuma, na sare yake. "Jamani. Ulijuaje?"

Asubuhi yote mjomba alikuwa kituoni, na koplo alikuwa naye. Walikaa na yule mama mpaka dada yake alipofika. Kwenye gari koplo alisema ni majonzi tu, yanavuruga akili.

Simu ya mjomba ikaita. Mkewe.

"Mume wangu, mbona umeniacha hivi?" Alikuwa analia.

"Nimekuacha lini?"

"Sasa hivi! Umeniambia mtoto wetu amekufa, halafu huyo, ukatoka."

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, muuguzi katika hospitali ya upande wa pili wa mji. Alimpigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika.

Wakielekea hospitalini, walipitia nyumbani kwa mjomba. Mkewe alikuwa kitini, uso umemshuka.

"Hajafa bado," mjomba alimwambia. "Fundi naye alitajwa akiwa hai. Inuka mama, tumuwahi mtoto!"

Alijaribu. Miguu ilikataa. Nje koplo alipiga honi. Mjomba alijua hapaswi kumwacha. Wallahi alijua! Lakini mtoto wa pekee, na pengine zimebaki dakika tu, wewe ungefanyaje? Alimbusu kwenye paji la uso, akakimbia.

Hospitalini alipanda ngazi mbilimbili. Ee Mungu, chukua chochote, huyu niachie. Alifungua mlango wa wodi.

Binti yake alikuwa anamfunga mgonjwa bandeji.

"Baba? Kuna nini? Simu nimeifungia kabatini."

Alimkumbatia, akalia kama mtoto mdogo mbele ya wagonjwa wote. Kisha akamvuta mkono mpaka kwenye gari, ili akamwonyeshe mama yake kwamba yuko hai.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mama alikuwa palepale kitini, kichwa kimeinama begani. Binti alimshika shingo. Akatafuta mapigo. Akatafuta tena.

"Mama," alisema. "Mama, ni mimi. Niangalie."

Mjomba alipiga magoti. "Nimemuua mimi. Nimemwacha peke yake."

Jirani yao, mama mmoja mpole, alikuwa ameingia nyuma yao aliposikia kilio. Alimtazama mjomba kwa mshangao.

"Peke yake wapi, Mchungaji? Si muda huu tu nimefika hapo mlangoni, nikawakuta nyote wawili? Ulikuwa umekaa mbele yake, umemshika mkono. Nikaona aibu kuwaingilia. Ulikuwa unamtajia jina la marehemu."

"Jina gani?" mjomba aliuliza.

Jirani akamtazama aliyekuwa kitini.

"Lake."

Mbele ya mkewe palikuwa na kiti kingine, kimesogezwa karibu, magoti kwa magoti. Mjomba aliweka kiganja juu yake. Kiti kilikuwa bado na joto.