Jiwe Likiwa Bado Mkononi

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, wasichana wa shule ya kati iliyokuwa karibu na Itigi walijitwika madebe kwenda kuomba maji stesheni. Kisima cha shule kilikuwa na maji tele, ila kamba ilikatika ikazama na ndoo yake, na hakuna aliyekumbuka urefu wake. Dorkas wa darasa la sita, binti wa Yeremia mrina asali, ndiye aliyeumwa shingo kuliko wote, au ndivyo alivyodai.

Mwalimu Naftali ndiye aliyewatia wazimu. Aliwaambia kwamba jiwe likiachiwa huzidi kukaza mwendo kadiri linavyoanguka. Ukizidisha sekunde kwa sekunde, kisha mara kumi na sita, unapata futi lilizoshuka. Akafunga kokoto kwenye uzi wa futi tatu na ushee, likabembea: kwenda ni sekunde moja, kurudi ni nyingine. Akaahidi kwamba atakayepata kina cha kisima atamwonyesha hesabu hiyo Bwana Mkaguzi wa shule, aliyetarajiwa Ijumaa, mbele ya shule nzima.

Darasa zima lilikimbilia kisimani. Antipasi, mvulana wa darasa lao, aliachia jiwe, Dorkas akahesabu akitazama uzi: moja, mbili, tatu, chubwi! Tatu mara tatu ni tisa. Tisa mara kumi na sita ni mia moja arobaini na nne. Mwalimu akakagua kuzidisha kwake, akaona sawa, akaamuru apigiwe makofi. Dorkas alivimba kichwa siku nzima.

Baba yake alikuwa pia fundi wa kusokota kamba za magome ya miombo. Alipoombwa kamba ya kisima ya futi hizo aliguna. Yeye alipima kwa mikono miwili iliyonyooshwa, kila pima futi sita, na hizo zilikuwa pima ishirini na nne. Hata hivyo, Jumatano baada ya masomo alikwenda na bintiye porini kuchuna magome.

Kwanza Yeremia alipanda mti kutazama mzinga wake. Dorkas, ambaye hakuwa ameshiba mawe, alifunga uzi wake tawini akamwomba baba adondoshe kokoto. "Moja," alisema lilipoachiwa. "Mbili," lilipogonga ardhi. Akapiga hesabu, akatangaza futi sitini na nne.

Yeremia alicheka hadi tawi likatikisika. "Mwanangu, kamba ya mzinga huu, kutoka tawini hadi chini, nimeisokota mwenyewe. Haifiki pima tatu. Huo mti wako wa pima kumi umeota wapi?"

Dorkas alirudia mara mbili. Ndipo alipoona. Ile "moja" aliitamka jiwe likiwa bado mkononi, kabla hata sekunde haijapita! Mti ulikuwa wa sekunde moja, futi kumi na sita. Na kisima kilikuwa cha sekunde mbili, futi sitini na nne tu. Aliruka kwa furaha, kisha akaikumbuka Ijumaa, furaha ikamkauka.

Angeweza kunyamaza. Kamba ndefu ingefika majini vilevile, nani angejua? Lakini baba alikuwa ameshika shoka, akihesabu miti ya kuchuna. Dorkas akamwambia yote.

Kesho yake alilieleza darasa zima. Walicheka, na Antipasi akambandika jina la Bibi Moja. Jioni Yeremia akaleta kamba ya pima kumi na mbili. Ndoo ikashuka, watu wakihesabu pima. Kabla pima ya kumi na moja haijatimia, ikasikika chubwi, na wasichana wakapiga vigelegele, maana safari za stesheni zilikuwa zimekwisha.

Dorkas alimwuliza mwalimu taratibu nani sasa atasimama mbele ya Bwana Mkaguzi.

"Wewe," alisema Mwalimu Naftali. "Mimi nilikagua jibu, sikukagua mwanzo, kwa hiyo kosa ni letu sote. Kukosea si aibu, Dorkas. Aibu ni kujua umekosea ukanyamaza kwa sababu umekwisha pigiwa makofi. Utamwonyesha hesabu zote mbili, ukianza na ile mbaya."

Ijumaa, shule nzima ilikizunguka kisima. Dorkas alinyoosha mkono juu ya shimo, akatazama uzi ukibembea, akavuta pumzi.

"Sifuri," alisema, akaliachia jiwe.