Mawe ya Duara la Babu Saud

Kila mwaka, siku moja kabla ya Idi, ukoo mzima wa Babu Saud huhamia shambani kwake, nje kidogo ya kitongoji cha Mawaleh, kuchimba shimo la shuwa. Nyama ya mbuzi hupakwa viungo, ikafungwa kwa majani ya mgomba, ikazikwa juu ya makaa mpaka iive. Shimo hutandikwa mawe, na mwaka huu kazi ya mawe alipewa mjukuu wake Mahbuba, mwenye miaka kumi na miwili.

"Yatoe bondeni," Babu alimwambia. "Usije ukagusa lile duara langu! Mle mna jini, nshakwambia. Akikukamata anakugeuza bamia."

Duara hilo lilikuwa ukuta mfupi wa mawe katikati ya shamba la majani ya ng'ombe. Trekta la Babu lililizunguka kila msimu, na kabla yake jembe la baba yake lililizunguka vivyo hivyo.

Jua siku hiyo lilikuwa kali hata mijusi ilikuwa ikiazimana vivuli. Bondeni ni mbali. Mahbuba akalisimamisha toroli kando ya duara, akatazama huku na huku. Jini hakutokea. Akang'oa jiwe, akang'oa jingine, mpaka mawe ya shimo yakatosha, akayapeleka na kuyatandika shimoni. Baadaye Nanyonga, dada wa kazi kutoka Uganda, aliliosha toroli bila kujua lolote, na kuni zikapangwa juu ya mawe.

Alasiri Shangazi Taghreed, aliyerudi juzi kutoka masomoni Ayalandi, alikwenda kulitazama duara. Ukelele wake ulifika mpaka jikoni.

"Ya Rabbi! Nani kafanya haya?"

Watu wakakimbilia huko. Upande mzima wa ukuta ulikuwa wazi, kama ufizi uliong'olewa meno. Babu akainama, akapapasa mashimo yalipokuwa mawe.

"Baba, huu ukuta ni wa watu wa kale," alisema Shangazi. "Kule Ayalandi kuna maboma ya duara kama hili, yamesimama katikati ya mashamba. Watu waliishi humo na ng'ombe wao, zaidi ya miaka elfu iliyopita. Wazee wao walisema mna viumbe wa ajabu, basi wakulima wakawa wanalima pembeni tu. Ndiyo maana mengi yapo mpaka leo. Na letu lilikuwa zima mpaka asubuhi hii!"

Babu akaziona alama za gurudumu mchangani. Akamgeukia Nanyonga.

"Toroli ulikuwa nalo wewe."

"Wallah, Baba, mimi nimeliosha tu!"

"Usiniapie! Idi ikiisha nnakurudisha ofisi iliyokuleta. Khalas, basi."

Nanyonga akajifunika uso kwa mikono, akaanza kulia. Mahbuba alikuwa nyuma ya watu, akisikia yote. Hakudhani kuwa mawe yangeweza kumfukuzisha mtu kazi. Akinyamaza, nani atajua? Mawe yamefunikwa na kuni, na moto ukiwaka yatapasuka vipande vipande. Babu alikwisha toa kibiriti, anaelekea shimoni.

"Babu, usiwashe!" Mahbuba akapiga kelele. "Ni mimi! Mawe yamo humo chini. Niliona uvivu kwenda bondeni."

Babu akakaa mchangani kama aliyepigwa kofi. "Wewe, Mahbuba? Ukaniacha nimdhulumu mtoto wa watu?"

Kuni zikaondolewa. Jiwe moja lilikuwa limekwisha vunjika. Shangazi alikuwa na picha za duara likiwa zima kwenye simu yake. Akasema mawe yawekwe pembeni, waitwe wataalamu wa mambo ya kale waonyeshe namna ya kuyarudisha. Babu akamwendea Nanyonga.

"Nisamehe, binti yangu. Nimekuhukumu kabla ya kuuliza."

"Nimesamehe, Baba," alijibu Nanyonga, akifuta machozi. "Lakini toroli leo asukume yeye."

Mahbuba akalisukuma. Aliporudi kutoka bondeni na mzigo wa mawe, jasho likimtiririka, Babu alikuwa akitembea kando yake.

"Uvivu ulikupeleka pabaya," Babu alisema taratibu, "lakini hilo ningekusamehe papo hapo. Kilichonitisha ni vile ulivyosimama kimya unamwona mwenzio anabebeshwa kosa lako. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla hajaumia mtu mwingine. Haya, sukuma. Watu wana njaa."