Commandant Alitaka Jina Yake kwa Muziki ya Mutoto Wangu

«Na sasa, muziki mupya ya Kisangani... COMMANDANT RADI!»

Sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikaniponyoka.

Ile gitaa ya bas niliijua, ndugu zangu. Vilikuwa vidole vya mutoto wangu Osée!

Ilikuwa wakati wa vita. Majeshi mawili ya kigeni yaligawana muji wetu, kila moja na mitaa yake. Huyu Radi alikuwa mukubwa wa jeshi la ng'ambo ya daraja. Sisi tulikaa kwa adui zake.

Na redio ilisikika pande zote... Majirani wangesema tuko watu wa Radi!

Nikatoka mbio na kitambaa cha jikoni begani. Nikavuka daraja mupaka salle ya paroisse, ukumbi wa kanisa, pale walirekodia.

Arthur, mukubwa wa orchestre, bendi ya Osée, alikuwa anapangusa saksofoni yake. Nikamukamata shati.

«Umeuza mutoto wangu!»

«Mama Osée, polepole, shati ni moja tu!»

«Jibu!»

«Mama, tulipiga jazz na funk bila maneno. Ukiimba neno moja tu, askari anauliza unatukana nani. Tukaona bila maneno tuko salama.»

«Na Radi ametoka wapi?»

«Alikuja tukirekodi, magodoro bado kwa madirisha kuzuia kelele. Unajua mabanga, Mama. Mukubwa anataka jina lake liitwe ndani ya wimbo. Yetu haina mwimbaji. Akasema, basi titre, jina la muziki, itakuwa miye.»

«Na nani alikubali?!»

Arthur akaangalia nyuma yangu.

«Ni miye, Mama.»

Osée! Mutoto wa tumbo langu!

«Alitaka kunipeleka kwa camp niwapigie askari wake kila siku. Nikaona, bon, nimupe jina, aniache.»

«Leo umemupa jina. Kesho atataka vidole! Twende.»

«Wapi?»

«Kwa redio.»

Mutangazaji, jina lake Waziri, aliponiona akasimama mbele ya mashine zake.

«Mama, hapana. Watu wa Radi wataniua.»

«Basi nipe mikro. Waniue miye.»

«Mama Osée, uko na akili kweli?»

«Sina. Nipe!»

Nilifika darasa la sita tu, mikro sijawahi kugusa. Lakini nilisema:

«Watu wa Kisangani! Hii muziki si ya commandant yeyote. Ni ya Osée, mutoto wa Kavugho. Ninaibatiza leo: VIDOLE VYA MUTOTO WANGU! Waziri, piga!»

Akapiga. Jicho moja kwa mashine, jingine kwa mulango!

Tukarudi kwetu mbio. Tukakuta jeep mbele ya mulango...

Nikasema, bon, Kavugho, imekwisha.

Lakini askari wa ile jeep hawakuwa wa Radi. Walikuwa adui zake! Major wao akashuka, anacheka meno yote nje.

«Mama, félicitations, hongera! Umemufuta yule mujinga mbele ya muji mzima!»

Nikapumua.

«Sasa rudi kwa redio. Weka jina langu.»

Weee! Nikasahau woga wote.

«Major, weye ni Mukatoliki?»

«Ndiyo.»

«Mukatoliki anabatizwa mara ngapi?»

«Mara moja.»

«Basi muziki imebatizwa, muji mzima ni parrain, baba wa ubatizo. Ukikataa, uliza padri!»

Askari wake mwenyewe wakacheka. Yeye hapana. Alinyoosha kidole kwa uso wa Osée.

«Kesho ninarudi. Tutaona.»

Hatukumungojea. Jua halijazama tulikuwa ndani ya pirogue, mutumbwi, kwenda Yanonge, mbali kwa muto, gitaa ya bas kwa mapaja ya Osée, miye nimekalia mufuko wa mihogo. Kwa soko ya Yanonge tukakuta mwanamuke wa samaki anapiga ile muziki kwa mdomo. Nikamuuliza inaitwa nani.

«Haujui, Mama? Vidole vya Mutoto Wangu.»

Wamama wenzangu, nyinyi wenye watoto wanamuziki: mutu wa bunduki akiomba jina tu, musiseme ni kitu kidogo. Anapima kama mulango unafunguka. Na yule atakuja kukupongeza kwa kumukataa, mwangalie vizuri... naye ameleta jina lake.

Muwakatae wote wawili!