Redio Iliyouliza Kama Tumefika

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jumapili ile, kule Wamagana, Mzee Dedan alifungua mlango wa Pijo yake akakutana na tumbako ya kunusa, ile kali ya wanawake wazee, na ndani ya gari hilo hakuna aliyenusa tumbako tangu mama yake, Wakiuru, azikwe. Akateremsha vioo vyote. Akatia ufunguo na kuzungusha. Gari likasema tik, likanyamaza. Betri ilikuwa imekufa tena.

Betri haikumtisha. Gari lenye umri wa kuwa na wajukuu lazima liugue. Kilichomtisha ni redio. Ilikuwa mpya, imetiwa kwenye pengo la ile ya zamani, na taa zake za buluu zilifaa baa kuliko gari la mzee wa kanisa. Aliizima mwenyewe jana yake na ufunguo akalala nao chini ya mto. Sasa alipoigusa ilikuwa na joto kama shavu la mtoto mwenye homa.

Wanawake wa kanisa walikuja kusukuma, maana walishazoea. Hakuna mwanamume mwingine ambaye wangemsukumia gari wakiwa na nguo za Jumapili, lakini huyu alikuwa Dedan, mwana aliyemkimbiza mama yake hospitali ya Nyeri bila kusimama popote, na mama akakata roho njiani ameushika mkono wake. Ndivyo alivyosimulia kwenye mazishi. "Hata breki sikugusa," alisema, na watu wakalia. Hakuna aliyejiuliza mtu anaendeshaje gari huku ameshikwa mkono na mgonjwa aliyelala kiti cha nyuma. Kwenye mazishi watu hawana kazi na mambo kama hayo.

Ukweli aliujua peke yake. Asubuhi ile alikuwa ametuma salamu kwenye kipindi cha redio, ili kijiji kizima kisikie jinsi anavyompenda mama. Juu ya kilima penye mikaratusi, kabla barabara haijashuka bondeni ambako redio hukwama, alisimamisha gari. Akazima na injini, kwa sababu ile diseli ilinguruma ikimeza maneno ya mtangazaji. Akangoja jina lake, mama akiwa nyuma chini ya blanketi. Jina lilisomwa, naam, na vizuri. Lakini alipotaka kuwasha, redio hiyo hiyo mpya ilikuwa imenyonya betri yote, na kabla hajapata vijana wa lori la majani chai wa kumsukuma, mama alikuwa ameshapoa.

Wachuka, mke wake, ndiye aliyemwosha na kumlisha mama mkwe huyo miaka yote ya ugonjwa. Wachuka akijua, Dedan hangebaki na mke. Kanisa likijua, hangebaki na jina.

"Haya, wamama, moja, mbili!" mmoja alipaza sauti, na Pijo ikaanza kutambaa. Hapo redio ikajiwasha.

"Salamu hizi ni za Dedan wa Wamagana," ikasema sauti nyororo ya mtangazaji. "Zimwendee mama yake mpendwa, Wakiuru, ambaye anampeleka hospitali wakati huu tunapozungumza."

"Wooi! Ni zile salamu za siku ile! Ona vile alimpenda!"

"Kijana wangu hata hanipigii simu, aki."

Dedan hakuwasikia. Chini ya maneno ya mtangazaji, kama mtu anayeongea mdomo ukiwa ndani ya shuka, palikuwa na sauti nyingine. *Dedan. Tumefika?*

Akapiga honi, ndefu, kuifunika. Honi gani hiyo, na betri imekufa? Ililia hata hivyo. Wachuka aliacha kusukuma akamtazama kupitia kioo cha nyuma.

"Mzee," alimuuliza baadaye, polepole, "kama ulikuwa ukiendesha bila kusimama, hizo salamu redio ilizinasa wapi? Si kule bondeni hakushiki?"

"Kwani wewe ni polisi?" alisema Dedan, lakini alisema akitazama viatu vyake.

Jumatatu akalipeleka gari kwa Wamae, fundi wa waya mjini Nyeri, ndiye aliyeiweka redio hiyo. Wamae akaichomoa na kuangalia nyuma yake.

"Mzee, si wewe ulitaka hivi? Hii waya nyekundu inafaa kulala ukitoa ufunguo. Ya njano ndiyo inakesha, kidogo tu, ya kukumbuka saa na stesheni. Ukaniambia nizifunge pamoja."

"Mimi?"

"Ati mimi! Ulitaka iimbe ukiwa umeketi nje na watu, ufunguo mfukoni. Nikakwambia hii gari ni ya kizee, itanyonywa. Ukasema nifanye kazi niachane na mahubiri."

"Ikate. Kata zote. Baki nayo hapa."

Dedan alirudi nyumbani na Pijo yenye shimo pale redio ilipokuwa. Kesho yake betri ilikuwa imekufa. Kiti cha nyuma kilikuwa na bonde katikati, dogo, la mtu mwembamba, na alipoliwekea kiganja aliondoa mkono haraka, kwa sababu palikuwa na unyevu na joto.

Haikupita wiki Wamae akaja Wamagana kwa pikipiki, amebeba gunia la viazi lililofungwa kamba mara nyingi. Hakumpa Dedan mkononi. Aliliweka kwenye nyasi akarudi nyuma.

"Chukua kitu yako."

"Umeitengeneza?"

"Nitengeneze nini? Haina waya hata moja, Mzee. Ilikuwa juu ya meza, imezimwa, peke yake." Wamae akatazama nyuma yake, ingawa nyuma yake palikuwa na ng'ombe tu. Akashusha sauti. "Imeniuliza kama tumefika."

Wachuka alikuwa akianua nguo. Alisikia. Alikunja shuka akamaliza, na siku iliyofuata akaenda Nanyuki kumwita Luul.

Luul alikuwa mama mzee Msomali, watu wake wafanyabiashara wa mbuzi, na zamani Wachuka aliuza viazi kando yake sokoni. Watu wenye mambo yasiyosemeka walimwendea. Alifika alasiri, ukungu umeshuka hadi kwenye ua. Aliamuru redio irudishwe mahali pake, hata bila waya, akafukiza ubani ndani ya gari, akatia sikio.

"Huyu si mama yenu," alisema. "Mama yenu amelala, mumwache. Huyu ni jini, anakaa juu kule kwa miti mirefu. Gari ilisimama kwake, akasikia mambo, akaingia. Jini kama huyu hana maneno yake, Wachuka. Anarudia yale alisikia tu. Betri anakunywa apate sauti."

"Alisikia nini?"

"Hakuna haja!" Dedan alidakia. "Nitaliuza hili gari. Kuna mtu Kutus analitaka."

"Mtu wa Kutus amekukosea nini?" Luul alimuuliza. Kisha akagonga redio kwa kidole, kama anayebisha hodi. "Sema."

Taa za buluu zikawaka, na ukungu ulioingia kupitia milango iliyo wazi ukawa wa buluu, na harufu ya tumbako ikawa nzito hata machozi yakawatoka, na wakasikia injini ya diseli ikizimwa, upepo kwenye mikaratusi, mtangazaji akisoma salamu za watu wa Sagana na wa Kerugoya, na katikati ya majina hayo yote sauti ya kikongwe ikisema nina baridi, Dedan, twende, ikiuliza tumefika, ikikohoa, ikiuliza tena tumefika, hadi ikajibiwa na sauti ya mwanamume ambayo Wachuka alikuwa amelala kando yake ujana wake wote: "Bado kidogo, mama. Nyamaza kwanza, wanasoma jina langu."

Taa zikazimika.

Wachuka alimtazama mumewe jinsi mtu anavyotazama kitu alichokanyaga, kisha akamgeukia Luul.

"Anatoka vipi?"

"Huyu mzee aseme mwenyewe, mbele ya wale alidanganya. Akisema yeye, jini atakuwa hana kazi hapa. Lakini siku utasikia jini amesema neno lake, si la kurudia, ujue amepata nyumba. Usiniite tena."

"Nitasema Jumapili," Dedan alinong'ona.

Na Jumapili alisimama kweli. Uso ulikuwa wa majivu, na wengine waliona ni huzuni. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu, kuna jambo sikuwaambia. Siku ile ya mama... nilisimama." Alimwona mchungaji ameinama kumsikiliza, akaona wanawake wa kusukuma wamejipanga na vitambaa vyao, nyuso zimejaa upendo, na ulimi wake ukageuka kutafuta njia ya zamani. "Gari liliharibika. Kidogo tu. Nikalisukuma peke yangu nikimlilia Mungu."

"Pole, Mzee! Pole!"

Wachuka alifunga mkoba wake.

Nje, Pijo ilikataa kuwaka. Wanawake wakacheka kwa upole, wakazingira gari, wakaweka mikono kwenye bati, na Wachuka akaweka wake mwishoni kabisa. Dedan akaketi kwenye usukani, asithubutu kuangalia kioo. Moja, mbili. Gari likatambaa. Redio ikajiwasha, safari hii kwa sauti iliyojaa uwanja mzima wa kanisa: injini ikizimwa, upepo, nina baridi, Dedan, twende, tumefika? tumefika? na kisha yeye mwenyewe, wazi, bila haraka, nyamaza kwanza, wanasoma jina langu.

Aliihisi mikono ikitoka kwenye gari. Hakuhitaji kuangalia. Uzito uliokuwa ukimsukuma ulipungua mkono kwa mkono, kimyakimya, hadi ukabaki mmoja, na huo aliujua ni wa nani. Nao ukatoka.

Gari likasimama. Hakuna aliyemwita kwa jina. Nyayo zilitembea kwenye changarawe zikienda zake, na ukungu ukafunga vioo.

Kiti cha nyuma kililia kama kuna mtu anayejiinua. Tumbako ikamfikia shingoni. Na ile sauti, ambayo siku zote ilikuwa ikiuliza, haikuuliza.

"Tumefika," ilisema.